Ombi Langu la Kusajiliwa Kuwa Udongo

Koplo mstaafu Lyle Haverkamp,
Nebraska.
9 Novemba, 2015

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi ya Madai ya Askari Wastaafu,

YAH: KUOMBA KUONDOLEWA MIONGONI MWA BINADAMU

Ninayo heshima kukuamkia na kukutakia afya njema. Ya kwangu sitaisema, maana ofisi yako imekwisha kuniamulia kwamba ni nzuri.

Mheshimiwa, mwaka 1978, nikiwa kijana wa miaka ishirini, jeshi lilinipeleka kisiwa cha Runit, huko Enewetak, katikati ya Pasifiki, mahali ambapo nchi yetu ilikuwa imejaribu mabomu yake ya nyuklia. Kazi yetu ilikuwa kukwangua udongo wenye mionzi, kuuchanganya na saruji, kuumimina katika shimo lililochimbwa na bomu, kisha kuufunika kwa kuba la zege. Mimi na rafiki yangu Emmett Pruitt tulikuwa upande mmoja wa sepetu, udongo ukawa upande wa pili. Leo mnatujibu kwamba udongo ule ulikuwa hatari kubwa, ila sisi tuliouzoa hatukuguswa na kitu. Nimetafakari sana nikaona kosa ni langu. Nilishika mpini, kumbe ningekaa kwenye bapa. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, nisajiliwe kuwa udongo. Hoja zangu ni hizi:

1. Mavazi. Udongo ulivishwa zege nene, la kumzuia hata kaa asitoboe. Mimi nilipewa kaptura, buti na kofia ya jua. Siku moja walikuja wageni wakubwa kututazama, nao wakavaa barakoa na glovu. Emmett akauliza, "Afande, mbona sisi hatuna?" Sajini akamkagua toka juu hadi chini: "Pruitt, umekuja kuzoa udongo au kwenye maonyesho ya mavazi?" Tulicheka sana. Tulikuwa watoto.

2. Uchunguzi. Wataalamu hupanda ndege kwenda kuujulia hali udongo. Wanaupima, wanaupiga picha, wanachota hata maji ya jirani yake. Mimi niko hapahapa Nebraska, barabara ni ya lami hadi mlangoni, na hajaja mtu kubisha hodi. Nilipovunjika nyonga nikishuka kitandani, daktari aliniuliza kama navuta sigara. Nikamwambia sivuti. Akaniuliza kama marehemu baba alivuta.

3. Kipimo cha mionzi nilichovaa kifuani kiliharibiwa na unyevu, nanyi mkakadiria kuwa kabla ya kuharibika kilikuwa kinasoma sifuri. Udongo haukuvaa kipimo chochote na bado mkauamini.

4. Muda. Plutoniamu iliyomo katika udongo ule inaweza kungoja miaka elfu ishirini na nne, na nusu yake ikabaki palepale. Emmett hana nafasi hiyo. Yuko hospitali, saratani imeingia kwenye mifupa, na wanasema akiiona Sikukuu ya Shukrani mwishoni mwa mwezi huu itakuwa bahati. Ombi lake la kutambuliwa mmelirudisha kila alipolileta, mara mnataka ushahidi, mara shahidi, mara shahidi wa shahidi. Hapa sifanyi mzaha, Mheshimiwa. Naumia. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo la Emmett limeumia vya kutosha.

5. Najua udongo una masharti yake, nami nayakubali. Niwekewe tangazo barazani la kukataza watu kunisogelea. Hapo mchungaji wetu atapata sababu ya kunitoa kwaya, jambo ambalo waumini wanaliombea tangu zamani. Na kwa kuwa taka za aina yangu hazisafirishwi ovyo ovyo, mtaniletea lori lenye mlinzi kila Ijumaa, linipeleke ukumbi wa wastaafu kula samaki wa kukaanga. Mke wangu Darla ana swali lake: "Kama wewe ni udongo, ina maana mimi niliolewa na kiwanja? Haya, kodi ya ardhi analipa nani?" Naomba umjibu wewe, mimi nimemshindwa.

6. Nijengewe kuba langu dogo uani, kati ya banda la kuku na trekta. La Emmett liwe ubavuni mwangu. Anakoroma, lakini nimemzoea.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Sisi tulikuwepo, na mchanga wa kule tuliutafuna pamoja na chakula cha mchana.

Nisalimie wafanyakazi wote wa ofisi yako, wa madirishani na wa ghorofani, na hasa yule dada wa simu anayeniambia "subiri kidogo tu, baba" halafu ananiwekea muziki. Mwambie wimbo ule sasa naujua wote, na Darla anaucheza.

Ndimi mtiifu wako,
Lyle Haverkamp,
udongo mtarajiwa.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha nilikwenda hospitali kumsomea Emmett barua hii. Alicheka mpaka nesi akaja mbio. Alipopata pumzi akaniambia, "Lyle, we bwege kweli. Hujasikia kwamba lile kuba lina nyufa? Maji ya bahari yanaingia na kutoka. Na wakubwa wanasema hakuna haja ya wasiwasi, eti udongo wenye mionzi ulioachwa nje ni mwingi kuliko uliomo ndani. Sasa wewe ndiko unakoomba kuhamia?" Mheshimiwa, ikiwa hata udongo mnaupiga danadana, basi hoja zangu zote nazifuta, ya kwanza hadi ya mwisho. Turudisheni katika ubinadamu wetu. Emmett hataki zege wala lori. Anataka karatasi moja iliyoandikwa kwamba alikuwepo, na kwamba kazi ile ilimdhuru, aisome mwenyewe angali anaona. Tafadhali msiitume kwa posta, mleteeni kwa mkono, wodi ya ghorofa ya pili, kitanda cha dirishani. Miwani yake nimeshaisafisha.