Waraka wa Kufunga Madirisha ya Ng'ombe

Napenda kuutangazia umma kwamba muda wote Idara yetu ya Nyendo za Mifugo ilipokuwa imefunga madirisha ya mfumo wake wa kompyuta, hakuna ng'ombe hata mmoja aliyevuka lango la mifugo kinyume cha sheria. Wala kwa mujibu wa sheria. Hawakuvuka. Usalama wa namna hii haujapata kuonekana Botswana.

Mimi ndiye msemaji wa Idara, na waraka wa kuyafunga niliuandika mwenyewe. Zamani mfumo ulikuwa na tabia mbaya: ulimjibu kila aliyeuliza. Mlinzi wa lango akielekeza kifaa kwenye hereni ya ng'ombe, unajibu papo hapo, huyu mzima, apite. Kijana mmoja wa Maun akatengeneza programu ya simu, wafugaji wakawa wanauliza wenyewe zizini. Mkurugenzi wetu, Rra Keoagile, alipoambiwa kuwa mfumo umeongea na watu elfu arobaini kwa wiki moja, alishtuka kama baba aliyemkuta binti yake getini.

"Umalaya," alisema. "Kuanzia leo utajibu mtandao wa ndani tu, mashine zilizomo ndani ya jengo hili."

"Na malango, Rra?" nikauliza. "Yako nje ya jengo."

"Hilo ni suala la utekelezaji."

Ijumaa moja, saa tisa alasiri, tulifika langoni na lori. Ndani mlikuwa na ng'ombe wanane wa mahari ya Thuso, mwana wa Mkurugenzi. Alikuwepo Mkurugenzi, alikuwepo Malome Gaolathe, mjomba wa bwana harusi, nami nilikuwepo, maana harusi haijawahi kunipita. Ng'ombe walitakiwa wawe zizini kwa wakwe, kijiji cha pili kutoka hapo, kesho yake kabla jua halijachomoza.

Mlinzi, Mma Seloilwe, aliweka pembeni gwinya lake, andazi la kukaanga, akafuta mafuta vidoleni, akaelekeza kifaa kwenye sikio la ng'ombe wa kwanza.

"Hakijibu."

"Mma, unanijua mimi?" akauliza Mkurugenzi.

"Nakujua, Rra. Picha yako ile pale, juu ya waraka wako."

"Basi. Mtandao wa ndani ndio mimi."

Mma Seloilwe alimtazama kuanzia kofia hadi viatu. "Nikuchomeke wapi sasa?"

Wafugaji waliokuwa kwenye foleni tangu Jumatano, na majiko yao na magodoro yao, walicheka hadi ng'ombe wakageuka kuwatazama.

Mkurugenzi akapiga simu ofisini. Akapokea karani wa zamu.

"Nisomee hali ya ng'ombe wangu wanane hapo kwenye mashine."

"Kwa simu? Nani mwenzangu?"

"Mkurugenzi."

"Hata yule aliyemponza karani mwenzangu Kagiso alisema hivyohivyo. Kagiso akamsomea, akafukuzwa; yuko nyumbani hadi leo, anafuga kuku." Akakata.

Malome akaona heri awataarifu wakwe. Akaweka simu kwa sauti ya nje. Aliyepokea alikuwa mjomba wa binti, Rra Phirinyane, mtu mpole mno.

"Hatuna ugomvi, ndugu zangu. Waraka wenu tumeusoma, umetufungua macho. Jua likichomoza zizi likiwa tupu, binti yetu naye atapatikana ndani ya boma letu tu. Thuso akimtaka, ahamie huku achunge. Na watoto watakaozaliwa ni wa kwetu. Babu yao akitaka kuwaona, aje saa za kazi."

Rra Keoagile alikaa kwenye ngazi ya lori. Akavua kofia.

"Andika," akaniambia. "Madirisha yafunguliwe nchi nzima."

"Sababu niweke ipi, Rra?"

"Kumsogezea mwananchi huduma."

"Mwananchi yupi?" akauliza Malome.

Tatizo lilikuwa moja tu: madirisha hufunguliwa kutoka ndani ya jengo, kwa kidole cha Mkurugenzi mwenyewe. Gaborone ni kilomita mia nane. Akapanda gari dogo la jamaa mmoja, akaondoka na vumbi lake.

Alfajiri, kifaa cha Mma Seloilwe kililia, mfumo ukaanza kujibu. Langoni pakawa na vifijo, watu wakikumbatiana. Malome akarukia lori na kuliwasha.

"Unakwenda wapi, Rra?" akauliza Mma Seloilwe.

"Ng'ombe wa Mkurugenzi hawa."

"Wazuri sana. Namba yao arobaini na moja."

Hakuna aliyebisha, maana arobaini waliotangulia walikuwa wamesimama njiani, na baadhi yao walishika fimbo. Akaanza bibi mmoja mwenye ndama wawili, akawahesabu mara mbili kwa raha zake.

Jua lilichomoza tukiwa tumesogea hadi namba thelathini na tatu tu. Malome akazima injini, akanipa simu.

"Mpigie shemeji yangu Mkurugenzi," akasema. "Mwambie wajukuu wake wanapatikana Jumatatu hadi Ijumaa."