Mdundo wa Beringi Mbovu

Jumatatu, 3 Machi

Bendi yetu imepata sauti yake ya tatu. Hatimaye! Ya kwanza ilikuwa ya masufuria, ikafa Shangazi alipotaka kupika. Ya pili ilikuwa ya mabati, ikafa jirani alipoyatambua mabati yake. Sasa ni mashine ya kusaga nafaka ya Shangazi. Tangu wiki jana inachechemea: du, du, kha. Du, du, kha. Wenzetu wanautafuta muziki wa viwandani kwa jasho, sisi umetufuata nyumbani.

Nimemwambia Binamu kwamba huu ndio mdundo tuliozaliwa kuungoja. Binamu ni binti wa Shangazi, na kwenye bendi anapiga pipa la chuma kwa nyundo mbili. Amesema huo si mdundo, ni beringi imekufa. Nabii hakubaliki kwao.

Onyesho ni Jumamosi, hapa hapa uani kwenye mashine. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara ameahidi kuja. Huyu hupiga kinanda kwenye harusi, na siku nyingi anammezea mate Binamu. Si kwa mapenzi, kwa zile nyundo. Akimchukua, bendi inabaki mimi. Na kazi yangu mimi ni kuimba, yaani kupiga kelele kwa mpangilio. Hata huo mpangilio ni wa Binamu.

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Shangazi amemwita fundi!

Bahati nzuri alikuwa sokoni fundi alipofika. Nilimwahi mlangoni, nikamwambia mashine imepata nafuu. Hakuniamini. Akaiwasha, akatega sikio, akasema ni beringi, kazi ya asubuhi moja tu. Ila ikiachwa itakula shafti, kile chuma kinachozungusha mashine, na shafti ikienda, mashine imekwenda. Nikamshukuru sana. Nikamnywesha chai ya Shangazi, nikamwomba arudi Jumatatu.

Shangazi aliporudi nikamwambia fundi amesema mashine izoee kwanza, mpaka Jumatatu. Akanishika bega. Akasema ameanza kuona faida ya kunilea. Nilijisikia mwizi. Nikaenda mazoezini, ikapita.

Ijumaa, 7 Machi

Unga unatoka kama changarawe. Mama mmoja ameurudisha wa kwake. Nikamweleza kuwa unga wa chengachenga unajenga mwili. Akanitazama juu mpaka chini, akauliza mimi nimejengwa na nini.

Wateja wengi wamehamia mashine ya mtaa wa pili. Shangazi ameshinda mlangoni na ungo mapajani, hana wa kumhudumia. Mashine yake ndiyo iliyotusomesha, mimi na Binamu, na ndiyo inayotulisha. Iliniuma. Nilitaka kumweleza ukweli, nikafungua mdomo kabisa. Wakati huo huo Binamu akaiwasha tufanye mazoezi, ikapiga du, du, kha, tamu kuliko jana. Nikaufunga mdomo.

Binamu ameniuliza fundi alisema nini hasa. Nikamjibu ni mambo ya kifundi, asingeelewa. Amesoma ufundi miaka miwili.

Jumamosi, 8 Machi

Onyesho! Benchi moja lilijaa. La pili lilikaliwa na magunia. Kinyozi alikuja na kiti chake mwenyewe, akakiweka karibu na lango kama mtu asiyetaka kuchelewa kuondoka.

Nikaiwasha mashine. Binamu akaingia na nyundo, na nasema kweli, mwili ulinisisimka. Kwa dakika chache tulikuwa bendi. Nikaanza wimbo wetu mpya, ambao maneno yake ni majina ya vipuri. Nilipofika kwenye mkanda, mkanda ukakatika, ukaondoka na kofia yangu. Mashine ikapiga ukelele ambao koo langu halijawahi kuufikia. Ikatoa moshi. Ikanyamaza.

Watu wote wakasimama, wakashangilia! Makofi yalidumu kuliko wimbo. Niliinama mara tatu kushukuru. Mzee mmoja alikuwa akimshukuru Mungu kwa ule ukimya, lakini shukrani ni shukrani.

Shangazi hakupiga makofi. Alikuwa ameweka kiganja juu ya mashine kama anayempima mtoto homa.

Jumapili, 9 Machi

Shangazi hakungoja Jumatatu, kamwita fundi, kaja. Kasema mbele ya kila mtu kwamba alinieleza tangu Jumatano. Shafti imekwenda. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wasemavyo. Mimi sikusikia, na guu lililovunjika ni la Shangazi.

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini, amenikosea nini. Nililia mbele ya fundi, makamasi na yote.

Binamu amekwenda kwa Kinyozi. Amesema anataka mdundo usiomla mama yake. Ni mstari mzuri kuliko yote niliyowahi kutunga.

Adhabu yangu: mpaka shafti mpya ipatikane, nitasaga nafaka za wateja kwa ile mashine ndogo ya mkono iliyokuwa stoo. Muziki basi. Nimeapa.

Jumanne, 11 Machi

Mikono si yangu tena. Lakini wateja wameanza kurudi, mmoja mmoja. Mchana Shangazi kaniletea maji, akaniita mwanangu. Alikuwa hajaniita hivyo tangu Jumamosi. Nilifurahi mno, nikazidisha kasi.

Hapo nikasikia mpini unalia. Kwi, kwi-kwii. Kwi, kwi-kwii.

Binamu alikuwa akipita na ndoo kuelekea bombani. Mguu wake ukaushika mdundo bila idhini yake. Nimeona kwa macho yangu. Naye akaona kwamba nimeona, akabadili mwendo.

Chupa ya mafuta ya kulainishia iko chini ya godoro langu. Shangazi akiiulizia, nitamwambia fundi amesema mashine izoee kwanza, mpaka Jumatatu.