Mto wa Safu ya Mwisho

Jumatatu, 3 Juni
Mama Povu kasifiwa tena! Yeye husafisha nusu ya mbele ya ndege, mimi nusu ya nyuma. Mkaguzi kapapasa viti vyake, kanusa, katabasamu. Kwangu kakuta mto wa kiti umelowa chepechepe na meza inaning'inia. Kaniuliza mbele ya wote kama nilikuwa nasafisha au naota. Wenzangu wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze. Na wiki hii mmoja wetu atapewa uongozi wa zamu. Akipewa yeye, uso huu nitauficha wapi?

Jumanne, 4 Juni
Dawa nimeipata! Mkaguzi ana magoti mabovu. Akikaribia choo cha nyuma hujishika kiuno, hugeuka. Safu ya mwisho haifiki kamwe. Basi mto uliolowa nimeubandua, nimeupachika huko mwisho, dirishani, ule mkavu nikauleta mbele. Ule uliolowa nimeuvika kitambaa safi, nimepuliza manukato. Ukiugusa ni mkavu. Ukiukalia ndipo unatema maji. Mkaguzi kasema nimebadilika. Mama Povu kanuna mpaka mwisho wa kazi. Raha iliyoje!

Jumatano, 5 Juni
Kesho mama mkwe anapanda ndege hii yetu, mara yake ya kwanza angani, safari ya mbali, kwenda kumwona mjukuu kwa shemeji yangu. Nimejigamba ukweni kwamba mle ndani hakuna linalofanyika bila mimi. Nimemwomba rafiki yangu wa kaunta ampe kiti cha karibu na choo, maana mama huinuka mara kwa mara. Mama kaniombea dua. Kasema hana mkwe, ana mtoto wa kiume.

Alhamisi, 6 Juni
Ndege imepaa. Nipo nakunywa chai, rafiki yangu wa kaunta kapita, kaniambia ombi langu kalitimiza: safu ya mwisho, dirishani. Chai ikanipalia. Mama mkwe! Juu ya ule mto! Nikakimbilia dirishani. Angani hakuna kitu. Mama Povu kaniuliza naagana na nani.

Ijumaa, 7 Juni
Shemeji kapiga simu. Mama hakuinuka safari nzima. Hakula, hakunywa. Alidhani amejikojolea. Kajifunga sweta kiunoni, kasubiri abiria wote washuke. Sasa kajifungia chumbani, hata mjukuu hataki kumpakata. Anasema kwisha kazi yake, uzee umemvua nguo mbele za watu. Mke wangu analia. Nikafungua mdomo niseme ukweli. Nikasema labda ni hewa ya juu. Hewa ya juu! Shetani gani kanipa maneno yale? Mama huyu ndiye aliyenipa binti yake.

Jumamosi, 8 Juni
Nimesema. Mke wangu kanipa mgongo, kapiga simu. Nikamsikia mama huko akicheka mpaka akakohoa. Kasema ahsante sana mwanangu, nilidhani ni mimi. Kaomba aletewe mjukuu. Ahsante! Afadhali angenitukana. Nimekaa bafuni mpaka mke wangu akagonga mlango.

Jumatano, 12 Juni
Uongozi wa zamu kapewa Mama Povu. Sasa ndiye anayenikagua, na magoti yake mazima! Anaanzia nyuma kabisa. Lakini nimemchunguza: akifika katikati huitwa mlangoni, hamalizi. Basi leo mto mwingine uliolowa nimeupeleka safu ya ishirini, asikofika. Mama atarudi na ndege hiyohiyo ikitoka huko, kiti kilekile. Kiti hicho cha mwisho nimekikalia mwenyewe kukijaribu, ni kikavu kabisa. Hapo nani ataniambia kitu?

Ndege ikapaa. Nikarudi nyumbani kifua mbele, nikamwambia mke wangu asiwe na wasiwasi. Kasema hana. Haniamini tena, kwa hiyo kapiga simu kaunta mwenyewe, mama kabadilishiwa kiti. Atakaa safu ya ishirini.

Nimeingia bafuni. Ile hewa ya juu, nikiieleza vizuri zaidi, naona bado inafaa.