Kabichi, Shemeji na Koti Jekundu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Koti halifungi. Nimelivuta, nimelibembeleza, nimelitukana. Halifungi ng'o! Kati ya kifungo na tundu lake inapita ngumi, na ngumi yangu si ya kitoto.

Lawama zote ni za Mkuu wa bendi. Mtu mzima, ndevu tele, anakwenda mnadani kututafutia sare sisi wapiga tarumbeta, anarudi na furushi la makoti ya wabeba mizigo wa hoteli iliyofungwa. Mekundu, vifungo vya dhahabu, kola ngumu. Yote saizi moja! Sijui hoteli hiyo ilikuwa inaajiri fito. Halafu anatangaza mbele ya watu kwamba Jumamosi hii, kwenye harusi ya mwalimu, atakayetangulia na kupiga solo ni yule ambaye koti lake limefungwa mpaka juu. Asiyefunga ataenda nyuma kabisa kubeba ngoma kubwa. Aliposema "ngoma kubwa" akanitazama mimi. Hana adabu.

Na nani anaivizia nafasi yangu? Shemeji! Mdogo wake mke wangu, aliyekuja kwetu "kwa wiki moja tu" na huu ni mwaka wa pili. Bendi nzima inamwita Sindano. Anakula sahani tatu na mwili haupati habari. Leo kajigeuzageuza na koti lake mbele ya kioo changu, nyumbani kwangu, akaniuliza kama limemkaa. Nikamwambia limemkaa kama lililoanikwa kwenye kamba. Akacheka. Hata kutukanika hajui.

Lakini Sindano si kitu. Linaloniuma ni jingine. Mwalimu anayeolewa ndiye anayemfundisha binti yangu, na darasa zima litakuwepo kushika mkia wa gauni. Binti yangu ameshawatangazia wenzake wote kwamba baba yake ndiye anayetembea mbele ya bendi. Ameniambia hivyo mezani, macho yanamng'aa. Sasa nimwambie nini? Kwamba amtafute baba yake nyuma ya ngoma? Heri nife njaa.

Nimeamua. Kesho naanza kula kwa afya. Usiku huu chai ya kuagana na raha. Vijiko vinne vya sukari, kama kawaida.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Redio ya dukani imenikera. Nikiwa napima misumari ya mteja, kaja mtaalamu wa lishe, sauti nyororo kama aliyeamka saa tano. Eti anayetaka kupungua ale samaki kila siku, lozi kiganja kimoja, mkate wa kahawia, maparachichi, mtindi usio na mafuta na mafuta ya zeituni. Nyoo! Mimi nauza misumari, similiki hoteli. Kwa mshahara wangu, lozi nitazisikia redioni tu.

Nikamzidi akili. Jioni nilikwenda sokoni wakati wauzaji wanafunga, saa ambayo wanauza kwa hasira. Nikapata gunia zima la kabichi kwa bei ya kutupa. Majani ya nje yamelegea kidogo, lakini kwani hata mimi sijalegea?

Mke wangu, ambaye hushona nguo za watu hapo sebuleni, aliacha cherehani akaniuliza tumeanza kufuga mbuzi lini. Nikamweleza mpango. Akasema mpango wote huo wa nini, nile chakula kile kile cha nyumbani, nusu ya sahani iwe mboga, nipakue mara moja tu, na niache sukari kwenye chai. Basi! Nilicheka mpaka nikakaa. Ushauri usiogharimu hata senti! Kama ungekuwa unafanya kazi, yule mtaalamu wa redio angekuwa anauza njugu. Halafu sukari si chakula. Sukari ni kiungo.

Tumekula kabichi ya kuchemsha, bila mafuta, bila chumvi. Nilimaliza bakuli, nikaongeza, nikaongeza tena, maana kabichi haina hesabu. Binti yangu aliuliza kama kuna mtu amekosea ndiyo tunaadhibiwa wote. Sindano alikula akasifia, akafuta bakuli kwa mkate wa jana, akaumaliza na mkate. Mtu huyo ni shimo.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Kabichi ni mnafiki. Inaingia kwa upole, ikishafika ndani inatafuta ugomvi. Nimeamka tumbo limejaa upepo kama mpira mpya. Nimejaribu koti: sasa zinapita ngumi mbili.

Kuna jambo la mazoezini ambalo sikutaka kuliandika, lakini shajara ni yangu na nani atasoma. Kwenye wimbo wa kumwingiza bibi harusi kuna mahali ambapo wote tunanyamaza kidogo, halafu solo inaanza. Tukanyamaza. Mimi sikunyamaza. Na tarumbeta ilikuwa bado haijagusa mdomo wangu! Mkuu akauliza nani amekuja na chombo kipya bila ruhusa. Sindano akaninyooshea kidole. Shemeji yangu, damu ya mke wangu, anayekula kwangu! Walicheka mpaka mpiga ngoma akakaa juu ya ngoma yake.

Kabichi basi. Nimempa mwanamke jirani anayefuga sungura. Kanishukuru sana, akasema sungura wake hawachagui. Sikupenda alivyonitazama.

Leo pia nimeanza kutembea kwa miguu. Faida mara mbili: mwili unapungua na nauli inabaki mfukoni. Ubaya ni kwamba njia inapita mbele ya tanuri la mikate, na lile tanuri linafungua madirisha makusudi kabisa. Nauli yote ikaishia pale. Lakini nilinunua mkate wa ngano isiyokobolewa, ule wa kahawia, ambao hata mtaalamu aliutaja. Nikaumaliza wote kabla ya kufika dukani. Chakula cha afya hakizidi. Kikizidi, ni afya imezidi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Leo sili. Maji ya moto tu. Wanaokula ni watu wasio na msimamo.

Saa nne dukani nilipanda kwenye mizani ya magunia ya saruji. Loo! Nimepungua kupita nilivyotarajia! Nilishangilia peke yangu pale stoo kama mwehu. Akaingia tajiri, akanitazama, akaniambia nitoe kiwiko changu juu ya rafu kisha nisome tena. Nikatoa kiwiko. Nikashuka bila kusoma. Tajiri ana roho mbaya, ndiyo maana duka lake halikui.

Jioni nilirudi miguu inaniishia nguvu. Mke wangu kalishika koti, akaligeuza ndani nje, akasema kazi yenyewe ni ndogo: ana kitambaa chekundu kilichobaki kwenye mapazia ya mteja, atatia kipande kila ubavu chini ya kwapa, hakuna atakayeona. Mimi! Msanii! Nitangulie bendi nikiwa na pazia kwapani! Nikamwambia sitaki viraka, nataka mwili. Akasema, "Haya, bwana mkubwa," akarudi kwenye cherehani. Hiyo "haya" yake ni tusi tupu, basi tu halina neno la kushikia.

Na Sindano naye! Kakaanga mayai, kakaa mbele yangu, anatafuna polepole kama anayelipwa kwa saa. Eti karibu, shemeji. Nikameza mate. Baadaye nikakumbuka kwamba matunda yanaruhusiwa. Kulikuwa na mkungu wa ndizi mbivu jikoni, kesho zingeharibika, na nyumba yenye bajeti ya kubana haitupi kitu. Nikaziokoa. Na chai, vijiko vinne, maana mtu aliyefunga anahitaji nguvu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mungu mkubwa! Nimepata dawa, na wala haiuzwi!

Kwani nani alisema mwili lazima upungue? Kinachotakiwa ni koti lifunge. Nimechukua shuka la maua la binti yangu, nikalikunja mara mbili kwa urefu, ncha moja nikaifunga kwenye mguu wa kitanda, ncha nyingine nikaichomeka kiunoni. Nikatoa pumzi yote kifuani, yote, mpaka nikaona nyota. Halafu nikazunguka na kuzunguka kuelekea kitandani huku shuka likinibana. Nikafungua ncha, nikaikaza kwa pini. Nikavaa koti. Limefunga! Mpaka juu!

Kuinama siwezi. Kuitikia salamu siwezi, natikisa kichwa tu. Lakini nimekwenda hivyo hivyo mpaka kwa Mkuu. Kanizunguka, kanigonga kifuani kama anayekagua mlango, akakiri mbele ya wote kwamba nafasi ya mbele ni yangu. Sindano kaduwaa, mdomo wazi. Nimeshiba uso wake ule kuliko chakula cha wiki nzima.

Nikamwamuru mke wangu aviimarishe vifungo kwa uzi wa nailoni, ule wa kushonea mabegi, kisitoke hata kimoja. Kashona. Akaniuliza kama nimejaribu kupiga tarumbeta nikiwa nimefungwa hivyo. Nilimjibu kwamba nilianza kupuliza tarumbeta kabla yeye hajajua kutia uzi kwenye sindano, sihitaji kujaribu. Akasema, "Haya."

Binti yangu hakuuliza shuka lake liko wapi. Alinitazama tu na koti langu, akasema, baba, umependeza. Nilitaka kulia ila pumzi haikutosha.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Tulianza vizuri. Mimi mbele, nimenyooka kama mlingoti. Nyuma yangu bendi, nyuma ya bendi bibi harusi, na wanafunzi pande zote mbili wakisubiri ishara ya kushika mkia wa gauni. Binti yangu nilimwona akinionyesha kwa wenzake. Wimbo ukafika pale pa kunyamaza. Nikainua tarumbeta. Nikavuta pumzi.

Koti nililifunga pumzi ikiwa nje. Tarumbeta hupigwa pumzi ikiwa ndani. Bendi nzima ya watu wanaoishi kwa pumzi, na hakuna hata mmoja aliyenikumbusha! Mke wangu anadai alinikumbusha. Yeye aliuliza. Kuuliza si kukumbusha.

Vifungo havikutoka. Nailoni ni nailoni. Kilichotoka ni mgongo. Koti lilipasuka kutoka kwenye kola mpaka kiunoni, na pini nayo ikaachia. Mimi nilisikia tu ubaridi fulani mtamu, na kifua kikafunguka, na ile noti ya juu ikatoka safi kuliko siku zote nilizopiga. Watu wakapiga kelele. Nikajua wananishangilia! Nikaendelea mbele, nikapiga kwa madaha, nikaongeza na mapambo yasiyokuwemo kwenye wimbo.

Nyuma yangu shuka lilikuwa linafunguka na kuburuzika. Refu, la maua. Na wale wanafunzi, waliofunzwa wiki nzima kwamba wakiona kitambaa kirefu kinaburuzika wakishike, walikishika. Wakanifuata wawili wawili, wamekiinua vizuri, nyuso zimetulia. Bibi harusi kaachwa na mkia wake vumbini. Mimi ndiye niliyeingizwa ukumbini kama bibi harusi.

Nilijua nilipofika jukwaani na kugeuka nitoe heshima. Mkuu alisema maneno ambayo hayasemwi harusini. Nikapewa ngoma kubwa hapo hapo, labda iufunike mwili, na Sindano akapelekwa mbele. Alipiga vibaya. Kila mtu akampigia makofi.

Binti yangu alikuja baadaye na shuka amelikunja vizuri. Akasema noti ile ya juu ilikuwa nzuri sana, wenzake wote wamesema, na wanauliza nitaenda tena lini. Niliona aibu ya kufa, nikajificha nyuma ya ngoma mpaka watu walipotawanyika.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mke wangu ameshona koti. Mgongo kauunganisha, na kile kipande cha pazia kakitia ubavuni bila kuniuliza. Nimelivaa. Limefunga, napumua, nainama, na kweli pazia halionekani. Kazi yote hiyo, na hata chai yake haikupata muda wa kupoa. Lakini Mkuu kasema nafasi ya mbele sasa ni ya Sindano mpaka koti lake litakapokataa kufunga.

Nimekaa nikashika tama, nikafikiri. Na hapo nikaona kosa lilipokuwa tangu mwanzo. Wiki nzima nimehangaika kumpunguza mtu asiye na tatizo! Mnene kuliko koti si mimi, mnene anatakiwa awe Sindano. Anenepe, basi, koti limkatae, mimi nirudi mbele ya binti yangu na tarumbeta yangu. Mambo rahisi kabisa, na huyo Mkuu mwenye ndevu hata hajayawaza.

Nimeanza leo leo. Nauli yote ya wiki nimenunulia mkate mweupe, siagi, mayai, soseji na keki ya nazi. Mke wangu kauliza hivyo vyote vya nani. Nikamwambia vya mdogo wake, maana namwonea huruma alivyokonda. Akanitazama muda mrefu, akasema, "Haya."

Ili Sindano asishuku, nakula naye. Yeye sahani tatu, mimi nne, ajisikie nyumbani. Kisha chai, vijiko vinne, maana sukari ni kiungo tu. Nimemchunguza ubavuni alipokuwa anafuta sahani na nimeona wazi kwamba ameanza kufura. Ni mkanda wangu tu umenishangaza jioni hii, tundu la mwisho limekataa kufika. Nadhani umesinyaa kwa mvua ya juzi.