Nyuki Kwenye Bega la Mzee Alawi

Jumamosi, 6 Septemba

Siku kubwa! Posa imekwenda! Shangazi Tatu, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, kavaa doti mpya ya khanga, kaongozana na wazee wawili mpaka kwa Mzee Alawi, muuza misumari na mabati wa hapa Mikindani. Wamepeleka maneno yangu juu ya binti yake, Yasmini. Wamepokewa vizuri. Kahawa imetoka, haluwa imetoka. Jibu Ijumaa baada ya swala.

Halafu habari mbaya. Zuberi kinyozi naye kaposa! Zuberi huyu huyu wa saluni ya ng'ambo ya barabara, anayejipaka poda shingoni kama mtoto mchanga. Nimemuuliza Shangazi nani yuko mbele. Kasema posa si mbio za baiskeli.

Kikwazo changu ni kimoja: nyuki. Mwaka juzi nilifuga nyuki nyuma ya duka la Mzee Alawi. Mradi mzuri sana! Siku ya maulidi wakatoka. Mzee alikimbia na kanzu yake mpaka baharini, akasimama majini kichwa tu kinaonekana. Mimi msimamo wangu ni ule ule: nyuki ni viumbe wa Mungu, hawapokei amri ya mtu. Mzee hakuninenea neno. Mstaarabu yule. Ila tangu siku ile bega lake la kushoto liko juu kuliko la kulia, na ukimwita anageuka mwili mzima.

Leo alasiri nimejilaza na simu yangu, nikaona video. Mtaalamu mwenye koti jeupe. Anasema hisia hazipotei. Ukizimeza, zinakwenda kujificha kwenye misuli. Woga tumboni, huzuni kifuani, hasira mabegani.

Mabegani! Niliruka kitandani! Nyuki wangu wote wamo kwenye bega la kushoto la Mzee Alawi! Na dawa ipo, masaji. Unakanda, msuli unalegea, hasira inatoka, mtu anabaki na moyo mweupe na kumpa binti yake yeyote anayesimama karibu.

Ijumaa bado. Kazi ianze.

Jumapili, 7 Septemba

Fundi hujaribu kwanza. Nimemjaribu Anold, mpangaji wetu, Mngoni wa Songea anayefanya kazi bandarini. Alikuwa katoka kanisani, ana amani. Nikamwambia amani yake ni ya juu juu tu. Nikamlaza kwenye mkeka uani, nikachukua mafuta ya nazi ya Shangazi, nikaanza.

Mgongo mgumu kama mlango wa msikiti wa zamani. Nikaminya, nikakamua. Mara machozi! Anold analia! Mwanamume wa kifua kile, machozi yanamchirizika mpaka masikioni. Nikamwambia alie tu, asione haya, huzuni ya utotoni inatoka. Akasema hana huzuni yoyote ya utotoni, mgongo unamwaka moto. Akakimbilia kwenye pipa la maji.

Shangazi akatoka jikoni akauliza kama nilinawa mikono baada ya kumkatia pilipili za achari.

Sikunawa. Lakini machozi yalitoka au hayakutoka? Yametoka! Huzuni ina njia nyingi za kutoka. Nimefuzu.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimefungua! Shangazi kaniachia kibanda chake cha vitumbua. Kibao nimekiandika kwa mkono wangu: NUHU MASAJI. TUNATOA HASIRA, HUZUNI NA WOGA. WANAUME TU. Hayo ya mwisho ni sharti la Shangazi.

Mteja wa kwanza, mvuvi, kalala kabla sijafika kiunoni. Kakoroma mpaka adhuhuri. Woga wote umemtoka, ndiyo maana. Wa pili mwalimu mstaafu. Kila nikimgusa mbavu anacheka. Kacheka mpaka kaanguka kutoka kwenye benchi. Ile ilikuwa furaha iliyokwama, kesi ngumu hata kwa mtaalamu wa kwenye video.

Zuberi alikuwa kasimama mlangoni kwake na mkasi, anatazama. Saa tisa akatoa kibao chake: UKINYOLEWA UNAKANDWA SHINGO BURE. Mwizi wa mawazo! Tena ana kile kiti chake cha umeme kinachotetemeka, anakipa sifa kama kimetoka Makka.

Jioni Yasmini kapita akitoka kwenye cherehani yake, tepu bado shingoni. Kasoma kibao changu, kakisoma tena. Kisha akasema kwa upole sana:

"Nuhu, mimi nakutaka wewe. Kaa nyumbani mpaka Ijumaa. Hilo tu."

Ananitaka! Kasema kwa kinywa chake! Sijapata kuwa na furaha hivi tangu nizaliwe. Hayo mengine ya kukaa nyumbani nimeyaelewa, ni huruma za mwanamke anayechelea nisichoke.

Jumanne, 9 Septemba

Zuberi kanitilia kitumbua changu mchanga! Kawaambia wateja wake kwamba mafuta yangu si ya nazi, ni ya maganda ya korosho. Hapa Mtwara! Mahali ambapo mtoto hajajua kusema baba lakini anajua utomvu wa ganda la korosho unababua ngozi! Asubuhi nzima watu wanapita kibandani kwangu wameficha mikono kwapani. Na mwenyewe Anold, bila ubaya wowote, kila anayemuuliza anamjibu kweli, mgongo uliwaka.

Nikasema ngoja. Nikavua shati, nikasimama katikati ya barabara, nikajimiminia mafuta yangu mwenyewe usoni, kifuani, mabegani, watu waone. Haya, nimeungua? Sijaungua! Wakati huo huo likapita lori la mchanga. Vumbi lote likanishika. Watoto wa madrasa wakanikimbia wakiita shetani.

Nikiwa katika hali hiyo, nani akatokea? Mzee Alawi! Kasimama. Kageuka mwili mzima kunitazama. Nikamwamkia shikamoo kwa adabu zote. Kaitikia marahaba, halafu akauliza, taratibu, kama huo ufundi wangu unafika mabegani.

Ya Rabi! Nikamjibu mabegani ndiko nyumbani kwake.

Akasema atafikiri. Zuberi alikuwa anachungulia dirishani. Nimemwona rangi ilivyomtoka.

Jumatano, 10 Septemba

Mungu hamtupi mja wake!

Asubuhi Zuberi kamwahi Mzee Alawi, kamwita ndani kwa heshima nyingi, kamkalisha kwenye kiti chake. Kamlaza chali, kampaka povu, kanyoa shavu moja, kawasha mtetemo. Mimi niko ng'ambo, nasaga meno. Kisha umeme ukakatika mtaa mzima.

Kiti kikagoma! Hakishuki, hakipandi. Mzee kalala chali, miguu juu, povu linamkaukia, na bega lile halimruhusu kujiinua. Zuberi anavuta huku, anasukuma kule, anaapa kwamba kiti ni kipya. Ikabidi Anold aitwe, akamnyanyua Mzee kama gunia, akamsimamisha barabarani na ndevu za upande mmoja.

Sikucheka. Nilikwenda kibandani nikainama chini ya meza nikakaa huko kidogo.

Nilipoinuka Mzee alikuwa mlangoni kwangu. Kasema mtetemo umelifanya bega liwe baya zaidi. Kasema niende kesho dukani kwake, chumba cha nyuma, na nisimwambie mtu.

Nimemwambia Shangazi tu. Akaniuliza, mtu uliyemposea binti yake utamvua shati umkande vipi? Mkwe hagusiki. Nikamjibu kwamba bado si mkwe wangu, jibu ni Ijumaa. Alhamisi ni mzee wa mtaa tu mwenye bega. Akanigeuzia mgongo, akaendelea kukuna nazi. Hoja nzito humaliza maneno!

Alhamisi, 11 Septemba

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Nilinawa mikono kwanza. Sabuni. Nilinusa kila kidole.

Chumba cha nyuma, mkeka juu ya sakafu, mabati yameegemezwa ukutani. Mzee kavua shati, kalala kifudifudi, bega limesimama peke yake. Nikaanza pole pole. Halikubali. Nikaongeza nguvu. Wapi! Nikakumbuka mtaalamu wa kwenye video anavyotumia uzito wa mwili. Basi nikamwomba radhi, nikamkalia kiunoni, nikashindilia kwa viganja vyote viwili.

Bega likalia! Ko! Mabati yakaitikia.

Na Mzee akaanza kusema. Wallahi, niliziona kwa macho yangu, hisia zinatoka! Nikangojea nyuki. Hakuwataja nyuki. Kasema nyumba itakuwa kimya. Kasema Yasmini ndiye anayebishana naye kila asubuhi juu ya chumvi ya uji, na akishaondoka uji utaliwa bila maneno. Kasema watoto wengine wote wako Dar es Salaam, wanapiga simu sikukuu hadi sikukuu. Alikuwa analia, mtu mzima, paji la uso juu ya mkeka. Na mimi machozi yakanitoka, yakamdondokea mgongoni, nikayakanda humo humo.

Kisha akavuta pumzi ndefu, bega likashuka, akasema:

"Nimekubali, mwanangu. Mchukue."

Allahu akbar! Furaha ikanipanda mpaka utosini! Nikasema ahsante baba, ahsante baba, na kwa furaha nikazidi kumshindilia, maana upande wa kulia nilikuwa bado sijaugusa.

Hapo ndipo mlango ukafunguka. Bi Mwajuma, mama yake Yasmini, na sinia la chai.

Sikujua afanye nini mtu aliyemkalia baba mkwe wake mbele ya mama mkwe wake. Kwenye video hayo hayakuwamo. Nikamwamkia shikamoo, nikiwa nimekaa pale pale. Sinia likaanguka. Bi Mwajuma akajifunika uso kwa khanga, akageuka, akatoka, goti likagonga fremu ya mlango. Ndipo Mzee naye akakumbuka alichokwisha kusema, na nani yuko juu yake. Mgongo wote ukakaza upya chini yangu, nikausikia.

Nimetoka kwa kupitia dirisha.

Ijumaa, 12 Septemba

Baada ya swala wazee wamekaa kwa Mzee Alawi. Mimi nimekaa kizingitini, kama mtuhumiwa.

Mjadala wenyewe huu. Kama neno la Mzee ni neno, basi ukwe ulianza alipolitamka, na mimi nilimkalia mkwe wangu, nikaendelea kumkalia, nikamkanda, jambo ambalo hakuna aliyekumbuka kulisikia toka Mikindani mpaka Msimbati. Kama neno si neno, basi sikumvunjia mkwe heshima, ila sina mchumba. Mzee mmoja akauliza kati ya neno na sinia kulipita muda gani. Nikasema kwa ukweli, muda wa kumaliza bega la kulia. Shangazi Tatu akafunika macho.

Nikiwa nangoja, kifua kikanibana. Hakuna aliyenikanda, lakini machozi yalikuja yenyewe. Nampenda Yasmini. Namtaka nimsikie akibishana na mimi juu ya chumvi ya uji mpaka nizeeke.

Hukumu: jibu limeahirishwa mpaka Ijumaa ijayo, aibu ipoe. Sharti moja tu. Nuhu akae nyumbani, asimguse mtu.

Wakati wa kutoka Mzee Alawi aliniita. Nikaona kaitikisa shingo yake kushoto, kulia, peke yake, bila mwili kuifuata. Akarudi ndani.

Yasmini kanikuta kwenye kona ya msikiti. Ana hasira na anacheka, vyote pamoja. Kasema posa ya Zuberi aliikataa mwenyewe siku ile ile ilipofika.

"Baba alikubali tangu Jumatatu. Jibu lilikuwa linangoja Ijumaa tu. Nilikuambia ukae nyumbani."

Nikamuuliza, na nyuki? Akasema Mzee alishawasahau nyuki, bega aliliumiza akishusha mabati.

Maskini binti wa watu. Hajaiona ile video.

Jumapili, 14 Septemba

Nimekaa nyumbani. Jana nzima! Leo tangu alfajiri! Nimekuwa mtu mwingine kabisa, nimejifunza subira. Shangazi mwenyewe kasema hajapata kuniona nimetulia hivi, akaenda sokoni na moyo mkunjufu.

Ila Anold kapita na habari. Bi Mwajuma tangu Alhamisi hatoki nje, anachechemea, na jina langu hataki lisikike nyumbani mwake. Anasema ni goti, aligonga mlango. Mlango! Nikafungua simu. Video ya pili ya mtaalamu yule yule. Aibu, anasema, hukaa magotini.

Magotini! Na mama ndiye mwenye nyumba. Akikaza yeye, Ijumaa inakwenda na maji.

Najua mipaka. Mama mkwe hata mkono hatupeani, sembuse goti. Sitamgusa! Nimechukua mti wa Shangazi wa kusukumia chapati, nimeufunga kwenye mpini wa ufagio kwa kamba ya katani, imara. Nimeupaka mafuta. Bi Mwajuma hukaa barazani nyuma ya duka alasiri, kanyoosha miguu, karibu na ukuta mfupi. Mimi nitakuwa upande wa pili wa ukuta. Hatuonani, hatugusani, goti linakandwa, aibu inatoka. Mila haijasema chochote juu ya mti wa chapati.

Naenda na kurudi. Ukutani pale kuna mzinga wangu mmoja wa nyuki uliobaki tangu mwaka juzi, nitapandia huo.