Mteremko Uliokaguliwa na Gari

Wazazi wenzangu, nawatangazia jambo kubwa: milima yetu imepitishwa rasmi kuwa mahali bora pa kutalii kwa baiskeli. Naandika kuwaonya ninyi ambao watoto wenu bado hawajateuliwa.

Ushahidi wa ofisi ya utalii ni mzito. Mkurugenzi wa Utalii alikuja kwa gari, akahesabu baiskeli mia mbili barabarani, akauliza zimewahi kuleta ajali ngapi. Tukamjibu ukweli: hakuna. Miaka thelathini, hata mchubuko hakuna. Akaandika, "Wenyeji ni waendeshaji mahiri."

Hakuuliza kama kuna aliyewahi kuzipanda. Baiskeli zetu hubeba viazi. Sisi huzisukuma, mlimani na mteremkoni, na breki zilishakufa zamani. Mtu anayetembea breki za nini?

Basi kitinda mimba wangu akateuliwa Kiongozi wa Msafara wa Uzinduzi. Msichana hajawahi hata kukalia kiti cha baiskeli! Nikafunga safari hadi ofisini kwa Mkurugenzi.

"Mheshimiwa, mwanangu atavunjika shingo."

"Mama, takwimu zinaonyesha hapa haumii mtu."

"Hizo takwimu zinatembea kwa miguu, baba."

"Mteremko umekaguliwa."

"Na gari!"

"Tena gari la serikali," akasema, akanifungulia mlango nitoke.

Sikulala siku tatu. Nilimshonea binti mto wa tumbo na mto wa mgongo, akawa kama kochi.

Siku ya uzinduzi wapiga picha walijipanga. Binti kashika usukani. Nikamsogelea Mkurugenzi, nikainama kwa adabu zote.

"Baba, kweli mtoto wa mkulima akutangulie kwenye picha? Watu watasemaje?"

Akawaza. "Mama ana hoja ya kiitifaki."

Akampokonya binti baiskeli, akapanda. Tukapiga makofi. Ikaondoka.

Nikiri tu: tulikuwa hatujawahi kuona baiskeli ikiendeshwa milimani kwetu. Inapendeza. Kona ya kwanza aliipita miguu yote miwili ikiwa hewani.

"Mama yangu weee!" ikasikika kutoka bondeni.

"Mbona anamwita mama yake?" akauliza wifi yangu.

"Wakubwa nao wamezaliwa, wifi."

Alitua kwenye tope la shamba langu, mzima kabisa, ila kifundo cha mguu kimevimba kama kiazi. Gari la serikali likashindwa kushuka. Dereva alisema mteremko ni mkali mno.

Binti yangu akavua mito yake, akashuka. Akampakia Mkurugenzi nyuma ya baiskeli, mahali pa gunia, akamfunga kamba mara tatu, akaanza kusukuma. Wapiga picha wakafanya kazi yao.

Nusu ya njia Mkurugenzi akauliza kama bado ni mbali.

"Tulia, mzee," binti akamwambia, akihema. "Viazi huwa haviulizi."