Malengo Thelathini na Manane, Yote Kijani

Jumatatu, 3 Machi

Mkurugenzi kaniita ofisini, tena kanikaribisha kiti. Haijawahi kutokea. Amesema Mkakati wa Serikali wa Usalama wa Mtandao umetimiza miaka mitatu, na Waziri anakuja Ijumaa kupokea taarifa ya maendeleo. Kila lengo lipakwe rangi: kijani limetimia, njano linasuasua, nyekundu limekwama. Mwandishi wa taarifa nzuri, alisema huku akitazama dirishani, huenda akafaa kuongoza kitengo kipya.

Mkuu wa Kitengo! Ofisi yenye mlango!

Nimeutafuta Mkakati wenyewe saa nzima. Ulikuwa chini ya chupa ya chai, umechorwa duara za vikombe. Malengo thelathini na manane. Nimesoma sita, nikachoka.

Miwani, yule binti wa meza ya dirishani, eti amesomea kompyuta, kauliza kama nahitaji msaada. Nimemjibu kwamba niliingia serikalini yeye hajaota meno. Namjua. Anautaka mlango wangu.

Jioni nimempigia baba mkwe nikamdokezea cheo. Kudokeza tu. Tangu shemeji yangu apewe umeneja katika wizara ya maji, kwenye familia ya mke wangu mimi ni mtu wa kutumwa viti. Baba mkwe kafurahi, Jumapili anakuja na ukoo mzima kunipongeza. Mke wangu kasema nanunua mbeleko na mimba haijaonekana. Mwanamke huyu hana imani.

Jumanne, 4 Machi

Kabla ya chai ya saa nne, malengo thelathini na saba kijani! "Kuunda kamati." Kamati ipo, mimi ni mjumbe, hatujawahi kukutana. Kijani. "Kuelimisha watumishi." Bango lipo koridoni, KIKULACHO KI NGUONI MWAKO, linaziba ufa wa ukuta. Kijani. "Kufanya zoezi la kukatika kwa mtandao." Mtandao wetu hukatika kila Alhamisi bila hata kuombwa. Kijani kibichi!

Kisha Miwani akachungulia begani kwangu. Akasema, mbele ya Mkurugenzi, kwamba tusiandikie mate na wino ungalipo, twende tukapime kweli. Lengo lililobaki, la kumi na nne, kwa mfano: kila mtumishi awe na nywila imara. Uthibitisho uko wapi? Mkurugenzi akakunja uso, akauliza naye: uko wapi?

Wakati wa chakula cha jioni nimepata jibu. Kijiko kikaanguka kwa furaha.

Jumatano, 5 Machi

Daftari jipya, jalada gumu. Juu yake jina langu kwa herufi kubwa. Ndani safu nne: jina, cheo, nywila, sahihi. Nimepita meza kwa meza, kila mtu akaandika mwenyewe. Nani atabisha sahihi?

Mhasibu nywila yake ni "mhasibu". Mpokezi ametumia jina la mchumba wa zamani, kaniomba nisilisome kwa sauti. Dereva hana kompyuta. Nimemwambia atunge moja hivyo hivyo, asiachwe nyuma. Ya Mkurugenzi ilikuwa "1234". Nilipomshauri aiimarishe, akaongeza 5. Yangu nimeiandika kwa mwandiko mzuri kuliko zote: MkuuWaKitengo.

Watu sitini na mmoja. Aliyekataa ni Miwani peke yake. Eti nywila haiandikwi, haionyeshwi, wala haiulizwi. Mbele ya jina lake nimeandika HANA, kwa wino mwekundu.

Nywila zilizoonekana dhaifu nimeagiza ziongezwe alama ya mshangao mwishoni. Zote zikaongezwa, hata yangu. Sasa ni imara.

Alhamisi, 6 Machi

Taarifa imekamilika, kurasa tisini. Nimeipeleka masjala. Mzee wa masjala ni mtu wa utaratibu: dai lisilo na kiambatisho hurudi lilikotoka. Akauliza uthibitisho wa lengo la kumi na nne. Nikamkabidhi daftari kwa mikono miwili.

Alilipiga mhuri kila ukurasa. Kisha akalitolea nakala ishirini na mbili, moja kwa kila wizara, kama ilivyo desturi. Kiambatisho C. Mtandao ulikuwa umekatika, kwa hiyo bahasha zimekwenda kwa mkono. Gundi imekwisha, zimekwenda wazi.

Machozi yalinilengalenga. Kazi yangu inasomwa na serikali nzima!

Ijumaa, 7 Machi

Balaa.

Nimefika saa mbili, jengo tupu. Hata mlinzi hayupo. Usiku barua pepe ya Mkurugenzi imewatangazia watumishi wote likizo ya wiki mbili, kwa kazi nzuri. Mkurugenzi anaapa hakuandika. Kuna mtu katika wizara ishirini na mbili amesoma Kiambatisho C kwa makini.

Saa nne Waziri akaingia. Alipokelewa na sisi watatu: Mkurugenzi, mimi, na Miwani, ambaye tangu asubuhi alikuwa akifunga akaunti moja baada ya nyingine na kuwapigia watu simu warudi. Waziri akamshika mkono. Kisha akauliza daftari lilikuwa wazo la nani. Akageuza jalada, akasoma.

Kitengo amepewa Miwani. Mlango na kila kitu. Aliponipita akaniambia polepole, pole kaka, nilikuambia. Angenicheka ningemchukia kwa raha. Nimeumia sana.

Jumapili, 9 Machi

Sikuthubutu kumwambia baba mkwe asije. Ukoo umejaa sebuleni, watoto mpaka mlangoni. Mzee akauliza cheo chenyewe kinaitwaje.

Shemeji akasimama. Wizara ya maji nayo ilipata nakala! Akanishika mkono, akatamka kila silabi: hongera, Mkuu Wa Kitengo, alama ya mshangao. Baba mkwe akapiga makofi, ukoo ukaitikia kwa vigelegele. Mke wangu alitoka kwenda jikoni, nikamsikia anacheka hadi masufuria yanagongana. Aliporudi aliniuliza sikioni kama angalau hiyo nywila nimeibadilisha.

Sijaibadilisha. Nilikuwa na huzuni.

Jumatatu, 10 Machi

Nimehamishiwa masjala, kumsaidia mzee. Chumba hakina dirisha. Lakini kina mlango!

Na nimegundua hatari kubwa. Makabati arobaini ya mafaili ya siri, kila moja na kufuli la namba, na namba zote mzee anazo kichwani tu. Akiugua je? Miaka yote hii Miwani na elimu yake hakuliona hilo.

Nimeshachora daftari. Kabati, namba ya kufuli, sahihi. Safari hii nimejifunza: juu ya jalada sikuandika jina langu. Nimeandika SIRI, kwa wino mwekundu. Mzee amelijaza namba zote, amelipenda, na kwa kuwa limeshakuwa waraka rasmi, ameuliza kama atoe nakala zile ishirini na mbili za kawaida.

Nimemwambia atoe ishirini na tatu. Moja ya Miwani, aone kazi inavyofanywa.